Chako Nimekitenga

"Bonyeza picha ya kuku," Fundi alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta yake.

"Nimebonyeza."

"Sasa mwambie hutaki kitunguu."

"Nimwambie nani?"

"Programu."

"Haya. Naona kitunguu kimepigwa mstari mwekundu. Ndipo penyewe?"

"Ndipo penyewe. Zamani mteja alikuwa anaandika mwenyewe kwa maneno, halafu jikoni hawasomi."

"Jikoni tunasoma sana!" Sauti ilipenya kwenye dirisha la kupitishia chakula. Ilikuwa ya Moshi, mkaangaji wa kuku, mtu aliyenukia mafuta hata akitoka kuoga. "Nyinyi ndio hamjui kuandika. Mtu ananiletea 'bl ktng', mimi nitajuaje kama hataki kitunguu au hataki kutongozwa?"

Msichana aliyeshika simu alicheka mpaka akaegemea kioo cha dirisha. Mle mgahawani kila mtu alimwita Bosi Mdogo, kwa sababu mwenye mgahawa alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na kwa sababu kaunta yote ilikuwa chini ya mkono wake. Ilikuwa ile saa ya mchana ambapo watu wa chakula cha mchana wameondoka na wa jioni hawajaja. Meza zilikuwa zimefutwa. Fundi alikuwa amesimama kaunta na kompyuta yake, naye Bosi Mdogo amekaa kona akijifanya mteja, wakilijaribu toleo jipya la programu ya kuagizia chakula hatua kwa hatua.

Bosi Mdogo alikuwa na sababu ya kuifurahia kazi ile. Programu ya kwanza ilikuwa na kitufe kimoja kilichowatesa watu wote: "Tayari." Mteja akimaliza kuchagua alibonyeza "Tayari", akimaanisha yeye yuko tayari. Oda ilipofika kwenye skrini ya jikoni, nayo ikasomeka "Tayari", Moshi akaelewa chakula kimeshaiva na kutolewa, akaendelea na mengine. Mteja akaja, chakula hakuna. Na aliyetukanwa hakuwa Moshi wala programu. Alikuwa yeye, Bosi Mdogo, aliyesimama mbele.

Fundi mwenyewe alinaswa na kitufe hicho alipokuwa mteja tu. Alikaa pale kona, hakugomba, hakugonga meza. Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha, kuku wamekaribia kwisha, na Bosi Mdogo akamwona yule mtu mpole akisubiri kitu ambacho jikoni hawakijui. Akaficha boksi moja la kuku chini ya kaunta. Alipomwendea alimwambia maneno mawili. Kesho yake mtu yule akarudi na kuomba kazi ya kuitengeneza programu, na Shangazi akampa. Tangu hapo, kila alipochelewa kula kwa sababu ya kazi, Bosi Mdogo alimwambia maneno yaleyale mawili kwa sauti ya chini, na siku zao zilikuwa zimejengwa juu ya maneno hayo. Shangazi hakujua. Baba hakujua.

"Tuma oda," Fundi alisema.

Akatuma. Kengele ikalia jikoni. Baada ya muda Moshi akapiga kelele, "Imeiva!" na kubonyeza skrini yake. Simu ikatetemeka mkononi mwa Bosi Mdogo. Akatazama. Chini ya nembo ya mgahawa palikuwa pameandikwa:

*Chako nimekitenga.*

Akasoma tena. Kicheko kilichobaki usoni kikamwisha. Alipoinua macho alimkuta Fundi anamtazama kwa uso wa mtu aliyeleta zawadi na sasa anangoja ifunguliwe.

"Umeona?"

"Hii umeweka kwenye simu yangu tu?"

"Hapana, ni ya wote. Zamani paliandikwa 'Oda yako imekamilika', kama risiti ya umeme. Hili toleo limetoka sasa hivi, watu wa mchana walipoondoka."

Kabla hajajibu, mlango ukasukumwa. Aliingia mwanamume mmoja, tai imelegezwa shingoni, simu mkononi. Akaja moja kwa moja mpaka kaunta, ikabidi Bosi Mdogo ainuke akamhudumie.

"Dada mrembo, umeniambia umenitengea," mteja alisema, akakonyeza. "Haya, nimekuja. Na kingine umenitengea nini?"

"Kuku, chipsi na mchuzi. Hakuna kingine."

"Mbona kwenye simu ulikuwa mtamu?"

Jikoni Moshi alianza kucheka, kisha akaona mgongo wa Bosi Mdogo ulivyosimama, akakohoa badala yake. Mteja akachukua mfuko wake akaondoka. Bosi Mdogo alifuta mikono kwenye aproni taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Fundi. Njoo stoo."

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye maboksi ya vikombe na mifuko ya karatasi mpaka darini. Wawili wakisimama humo hawana budi kusogeleana, na siku nyingine wala hawakulalamikia jambo hilo. Leo alimsubiri aingie, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa maboksi.

"Yatoe."

"Nitoe nini?"

"Usinifanye mjinga. Yatoe yale maneno."

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi? Mtu mzima amenikonyeza akaniuliza nimemtengea nini kingine, nifurahi?"

"Nitaongea naye."

"Utaongea na wangapi? Utapita nyumba kwa nyumba?"

"Hebu nisikilize kidogo." Ile sauti yake ya chini, ambayo siku zote ilimlainisha, leo ilimkera kama bomba linalovuja. "Nilihangaika na ule ujumbe. Nilitaka mtu akiusoma ajue kuna binadamu anamsubiri, si mashine. Nikaandika hili, nikafuta. Nikaandika lile, nikafuta. Yote makavu. Halafu nikajiuliza, mimi mwenyewe ni wapi nilijisikia kuna mtu ananisubiri?"

Moyo wa Bosi Mdogo ulitaka kulegea hapo. Akaukasirikia na wenyewe.

"Umewahi kunisikia nikimwambia mtu mwingine maneno yale?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri. "Sijawahi."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Hata kwa bahati mbaya."

"Kwa hiyo ulijua ni yako peke yako."

"Nilijua."

"Ukayachukua, ukayabandika kwenye simu za mji mzima kama tangazo la soda."

"Sikuyaona hivyo."

"Ungeyaonaje? Wewe uliona sanduku tupu la ujumbe, ukatafuta cha kulijazia. Ukaona hiki hapa, kitamu, kipo karibu, hakina mwenyewe. Hukugawa maneno, Fundi. Umenigawa mimi!"

Macho ya Fundi yalikuwa yamejaa mambo ambayo hakuwa na jinsi ya kuyasema, na Bosi Mdogo, kwa hasira zote zile, hakuweza kuyaacha macho yale. Walitazamana hivyo, wote wamekwama, mpaka mlango wa stoo ulipofunguliwa kwa kishindo.

Alikuwa Shangazi. Mtandio umeteleza begani, anahema, simu ameinyoosha mbele.

"Nani kampa huyu kijana maneno ya wifi yangu?"

Fundi aligeuka kumtazama Bosi Mdogo. "Wifi yake?"

"Mama yangu," Bosi Mdogo alisema.

Hakuwahi kumwambia. Baba yake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa kurudi nyumbani saa zisizotabirika. Mama hakuwa na desturi ya kuinuka kitandani kumpokea. Akisikia funguo mlangoni, alisema tu kutoka chumbani, kwa usingizi, "Chako nimekitenga," na jikoni, mezani, palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Bosi Mdogo alikua akiyasikia maneno hayo kupitia ukutani. Walipomzika mama, nyumba haikuyasikia tena. Yeye mwenyewe hakujua kama angeweza kuyatamka, mpaka jioni ile ya mvua yalipomtoka mbele ya mtu asiyemjua.

Shangazi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akapima nafasi iliyokuwa kati yao.

"Aaa. Kumbe! Kumbe ndiyo maana kazi haiishi. Kila nikiuliza, toleo jipya, toleo jipya. Mimi nalipia programu, kumbe kinachotengenezwa ni mtoto wa kaka yangu!"

"Shangazi..."

"Nyamaza! Nilisema sitaki mapenzi kwenye jiko langu, nikasema kwa kinywa changu. Huyu kazi yake ikiisha anafunga kompyuta, anatia kwapani, kwaheri. Wewe utabaki na nini? Na mashine ya soda?"

"Mama, mimi sina mpango wa kuondoka," Fundi alisema.

"Nani mama yako hapa?"

"Shangazi, kwa maneno yale mseme," Bosi Mdogo alisema, na sauti yake ilipanda bila ruhusa. "Mseme mpaka uchoke, na ukichoka nitakupokea. Lakini mambo ya kuondoka usimsingizie."

"Unamtetea! Na maneno ya nyumba ya kaka yangu umempa!"

"Ni ya mama yangu. Ni mimi niliyebaki nayo. Nilimpa mtu mmoja, Shangazi. Mmoja! Aliyegawia watu ni huyu."

Wanawake wote wawili wakamgeukia Fundi. Alionekana kama mtu anayetamani kuingia ndani ya boksi mojawapo na kufungiwa kwa gundi.

"Bosi Mdogo!" Moshi aliita kutoka jikoni. "Hii oda ya kuku bila pilipili inachukuliwa na nani? Kwenye jina pameandikwa 'Baba' tu. Nimeshaibonyeza kitambo."

Shangazi alikaa juu ya boksi la vikombe. Likabonyea.

"Nilimwekea jana," alisema, na ukali wote ukawa umemwishia. "Kaka yangu. Anashindia mkate mkavu. Nikamwekea programu, nikamfundisha pa kubonyeza. Leo nimeagiza na mimi nijaribu, nikapata ujumbe, nikatoka mbio kuja kuwaambia muutoe kabla yeye hajaagiza."

Bosi Mdogo alitoka stoo. Alifika kaunta wakati mlango wa mbele unafunguka.

Baba yake aliingia polepole. Simu aliishika kwa mikono miwili mbele yake, usawa wa kifua, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni. Akasimama katikati ya meza tupu.

"Nimeitwa," alisema.

Fundi angeweza kubaki stoo, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimpita Bosi Mdogo, akaenda dirishani, akapokea mfuko kutoka kwa Moshi, akaja nao mbele ya kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani ameandika haya?"

"Mimi, mzee."

"Umeyatoa wapi?"

Fundi hakumtazama Bosi Mdogo. "Niliyasikia. Nikayatumia bila kuuliza."

"Uliyasikia kwa nani?"

"Kwangu, baba," Bosi Mdogo alisema. "Nilimwambia mimi."

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu. "Ulimwambia kama unavyoongea na wateja, au kama mama yako alivyokuwa ananiambia?"

Mafuta yalikuwa yanachemka jikoni, na hata Moshi hakugusa kitu. Nyuma ya Bosi Mdogo, Shangazi aliyekuwa ametoka stoo alikohoa, kikohozi kile cha kumpa mtu nafasi ya kusema uongo mdogo akaokoka. Nafasi ilikuwepo. Neno moja tu, wateja, na yote yangeisha pale: mapenzi, fedheha, Fundi. Na kwa alivyokuwa na hasira naye, Fundi alistahili.

"Kama mama," alisema.

Baba alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamgeukia Fundi, na aliposema, sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilikuwa kwenye kochi. Simu ikalia, nikasoma. Nikainuka, kijana. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni. Unanielewa? Nilifika mpaka mlango wa jikoni."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mzee."

"Sijui kama nakusamehe. Yafute. Kwa watu wote, yafute. Na kesho asubuhi uje nyumbani. Maneno yale hayaokotwi kaunta. Uje uniambie mwenyewe ulifanya nini mpaka ukaambiwa."

"Kaka!" Shangazi aliruka. "Huyu utamkaribishaje nyumbani?"

"Dada, nimesema aje. Sijasema amekaribishwa." Akachukua mfuko mikononi mwa Fundi, akauchungulia. "Hiki nitakula. Mwanangu hana kosa, wala kuku."

Alipoondoka, watu wa jioni walikuwa wameanza kuingia. Fundi alirudi kwenye kompyuta, akafungua.

"Kuyafuta kabisa kunahitaji toleo jingine," alisema, akimwambia Bosi Mdogo peke yake. "Maneno niliyaweka ndani ya programu yenyewe. Toleo lazima likaguliwe na duka la programu, na halitafika kabla ya kesho. Lakini naweza kuzima ujumbe wote sasa hivi. Hakuna mteja atakayepata chochote."

"Zima."

"Leo, mwisho wa wiki!" Shangazi alishika kichwa. "Watu watajuaje chakula chao kimeiva? Mnataka wanibomolee kaunta?"

"Nitawaita mimi," Fundi alisema.

Akazima. Kisha akaenda kusimama mlangoni, mtu ambaye hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, akaanza kuita oda.

"Baga... baga na chipsi..."

"Kijana," Moshi alisema dirishani, "unaita wateja au unabembeleza mtoto?"

"Baga na chipsi!"

"Ongeza. Bado unaogopa kumwamsha."

Watu walijaa. Waliokuwa nje waliingiza vichwa ndani, waliokuwa ndani walilalamika kwamba programu imekufa, na Fundi akawaomba radhi mmoja mmoja na kuendelea kuita, mpaka shingo ikamtoka mishipa na sauti ikaanza kukwaruza. Bosi Mdogo aligawa mifuko bila kumtazama. Alikuwa bado ana hasira, na hilo alilijua vizuri, kwa sababu kila sauti ile ilipokwama yeye ndiye aliyeisikia kwanza, na kila alipoisikia hasira ilimpanda upya.

Foleni ilipopungua kidogo, Fundi alikuja kaunta, akageuza kompyuta ili wote wawili waone. Mahali pa ujumbe palikuwa peupe.

"Lazima niandike kitu ndipo nilitume toleo likaguliwe," alisema kwa sauti iliyochanika. "'Oda yako iko tayari'?"

"'Tayari' hatuitaki tena humu ndani."

"'Karibu uchukue chakula chako'?"

"Kama tuko msibani."

"'Kimeiva, njoo.'"

Alimkata jicho. "Njoo wapi? Kwa nani? Unataka nikonyezwe tena?"

"Basi andika wewe."

"Nikuandikie? Ili ukipata programu nyingine ukayaweke huko?"

Neno hilo lilimwingia Fundi, aliona. Fundi alitoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka juu ya kaunta, wazi, kama mtu anayeonyesha hana kitu.

"Nastahili hilo," alisema. "Unaweza kunisema kesho pia. Na keshokutwa. Mimi nitakuwepo."

Bosi Mdogo alipokea mfuko kutoka dirishani, akasoma karatasi iliyobandikwa, akauweka pembeni.

"Paache wazi," alisema mwishowe. "Kesho."

"Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi uko kwa baba. Hapa uje mchana, ukiwa bado mzima." Akamtazama shingoni, pale mishipa ilipokuwa imesimama kwa kuita. "Na usivae hilo shati. Halina kifungo cha juu. Shangazi atakuwepo kwa baba, na ataanzia hapo."

Kitu kama tumaini kilipita usoni mwa Fundi. "Kwa hiyo umenisamehe?"

"Sijasema hivyo. Nimesema shati."

Akaifunga kompyuta ya Fundi, ujumbe ukiwa haujaandikwa, akamtupia mfuko uliofuata.

"Haya, ita. Watu wana njaa."